Kigae cha Jeremia

Scola, nimepigwa shoti! Na jiko la koili la Jeremia, huyo fundi wako wa Mwanga uliyemsifia!

Maharage yamefurika kidogo tu, nikagusa sufuria, nikajikuta sakafuni. Sakafuni, Scola!

Nikampigia. Kaja huku Gungu na kigae kipya cha kushikia koili, eti "Dada, ni mikono yako ilikuwa na maji." Mikono yangu!

Nikakipokea hicho kigae, nikakivunja palepale. Ndani chenga tupu, kama chungu cha kienyeji! Anaponda vyungu vya zamani na kuvichanganya kwenye udongo, eti kisipasuke kwa moto. Kwa moto sawa! Lakini katikati ya chenga kuna matundu, mchuzi unaingia humo, umeme unapita nao mpaka kwenye sufuria. Cha kiwandani chembe zake ni ndogo na zimebanana, hakinywi maji.

Bado anabisha! "Jiko langu ni salama, dada." Salama! Nikamwambia haya, nawasha, shika sufuria wewe.

Unajua kafanya nini? Kaenda kwanza mlangoni kuvaa kandambili zake za mpira.