Chupa Isiyotiwa Dawa

4 Februari

Wifi yangu,

Salamu tele. Sisi huku wazima. Mtoto anakusalimu, anauliza shangazi anakuja lini. Cherehani nayo inadai mafuta kuliko mimi ninavyodai chai. Mgongo wako umepona, au bado umeinamia hadubini kutwa nzima?

Na Bwana Kelele wangu hajambo? Mwaka wa pili huu tangu tumzike, na wewe bado unailisha damu yake huko maabara. Mwambie mkewe anamsalimu, na apunguze ulafi.

Wifi yako wa cherehani

18 Februari

Wifi mpenzi,

Barua yako imenichekesha peke yangu kama mwendawazimu. Mgongo unauma, lakini natembea. Mbusu mtoto.

Zile seli za kaka hazijambo. Kila asubuhi nazibadilishia maji yao yenye sukari, zinajaa chupa, nazigawa, zinajaa tena. Ulafi uko palepale.

Sasa nina neno zito, wifi. Siku kaka aliponipa damu ile alisema tangu utotoni namnyang'anya vitu vyake, basi nichukue na hiki. Akaacha ruhusa mikononi mwako. Dawa tuliyokuwa tunaihangaikia imepatikana, na tunataka kuijaribu kwenye seli hizo. Ikifanya kazi, zitakufa. Naogopa kukwambia hili, lakini kilichomo chupani si kaka. Ni saratani ya damu iliyomuua. Ukikataa, siigusi.

Wifi yako wa maabara

12 Machi

Wifi,

U mzima? Mtoto je? Mkuu wangu ananiuliza kila siku, nami namwambia asubiri. Kama nimekukwaza, nitukane basi. Matusi yako nimeyazoea, kimya chako sikiwezi.

Wifi yako

29 Machi

Wifi,

Mwili mzima, mtoto mzima. Nilinuna, kwa nini nikudanganye?

Si kwamba nilikuwa sijui. Nani amelala kaburini na nini kiko chupani, nalijua hilo tangu hospitali. Lakini nguo zake nimezigawa, viatu anavaa mdogo wenu, simu yake haiwaki tena. Katika vyote alivyoacha, ni hicho tu ambacho bado kinakula. Kila ukiandika kimekula, roho yangu inatulia. Halafu unakuja kuniomba ruhusa ya kukiua! Nikaona unaniita kuzika mara ya pili.

Juzi nilikuwa napinda suruali ya mteja, nikakumbuka zile siku zake za mwisho. Uji ulimshinda, maji nilimpa kwa kijiko. Yeye hakula chochote, wifi, na hicho kilikuwa kinakula tu. Kilikuwa kinamla yeye. Nikaiacha suruali ya watu, nikalia mpaka nikachoka.

Kiueni. Ila uniambie kikishakufa, nisije nikaendelea kukiulizia hali.

Wifi yako wa cherehani

24 Aprili

Wifi yangu wa thamani,

Habari za huko? Mimi sijalala vizuri, lakini kwa furaha.

Tuliitia dawa kwenye chupa tatu. Leo nimechungulia: seli zimesinyaa, zimekufa zote. Nikatoka nikalia koridoni, mkuu akadhani tumefeli, naye akataka kulia. Usianze kuniletea wagonjwa lakini. Kabla dawa haijafika kwa mtu, bado tuna kazi ya miaka.

Kuna jambo moja. Chupa ya nne hatukuitia dawa, maana ndiyo tunayolinganishia. Hiyo bado inakula. Tungeihitaji kwa majaribio yanayofuata, lakini ulisema kiuawe, na mimi sitaki kukuzunguka. Niimwage au niilishe?

Wifi yako wa maabara

6 Mei

Wifi,

Sisi wazima kabisa. Mtoto ameng'oka jino la mbele, anacheka kama marehemu baba yake, kwa kelele zilezile.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, nikairudia. Asante, wifi. Kaka yako angewatangazia mtaa mzima.

Hiyo chupa ya nne ilishe, kama itawasaidia kuvimaliza vingine kama hicho, vinavyokula watu. Ila salamu zangu usiipelekee tena. Kuanzia leo ni zako wewe.

Mgongo unaendeleaje? Na huko kulisha kwako kote, wewe mwenyewe umekula?

Wifi yako