Jiko la Miguu ya Panzi

Mama Bhoke mpenzi,

Nakusalimu kutoka Machochwe nikiwa na hasira. Lile jiko dogo la gesi nililichagua kwa kulipima kiganjani, nikijali magoti yangu yatakayolibeba njiani, nikasahau chakula chetu. Leo nimesonga ugali wa wimbi juu ya vile vimiguu vyake vya panzi, likapinduka, ugali wote mavumbini. Nililileta ili dada Robi apumzike kuokota kuni. Amecheka: “Wee Mwita, ugali unasongwa kwa mabega! Hilo ukawachemshie wazungu chai.” Kisha, na uzee wake wote, akachukua panga akaenda porini kutafuta kuni. Nimemfuata, amekataa hata nimbebee panga.

Ubaki salama, mke wangu. Hasira hii haikuhusu wewe.

Mwita wako