Machicha kwenye Pampu

Jumanne usiku

Nimejisugua kwa sabuni na ndimu, na mikono bado inanuka. Pampu ya tangi la choo ilikwama tangu asubuhi, maji machafu yakarudi hadi bafuni. Mume wangu yuko kazini kisiwani Chale, basi nimeifungua mwenyewe.

Mavi ya nyumba nzima na maji ya sinki la jikoni niliyatarajia. Lakini boya linaloiwasha pampu lilikuwa limeshikwa na machicha ya nazi, yamevunda, meupe kama funza. Nimetapika.

Na kisima kiko karibu mno na tangi. Hilo ndilo linaloniogofya.

Jioni mama mkwe amenipakulia samaki wa kupaka. "Kula, mwanangu. Leo umeteseka."

Nilikuwa hata sijatia tonge mdomoni nilipomsikia jikoni akifungulia bomba, akiyasukuma machicha ya leo kwenye sinki.