Mnaziba Nini?

Jumatatu, 4 Machi

Magego mapya ya binti yangu Kasuku yametoka yote! Daktari wa meno kayamulika, kasema yana vijifereji vyembamba ambavyo mswaki haufiki. Tuvizibe sasa, kabla hayajaoza. Hakuna sindano, hakuna kuchimba. Anapaka dawa laini, anaigandisha kwa taa ya buluu, basi. Tumepewa Alhamisi. Nimerudi nyumbani na furaha yangu — nikaenda kumwambia mama mkwe.

Jumanne, 5 Machi

Vita! Kwa mama mkwe, kinachozibwa ni pancha au jino bovu. Kauliza mtoto ana jino gani bovu. Hana, mama. Basi mnaziba nini? Nimeeleza. Nimeeleza tena. Kashika lake: yeye tangu azaliwe hajazibwa hata jino moja, na chakula anakula. (Anakula, ndiyo. Nyama namkatia vipande vidogovidogo. Karanga hataki, eti zinamkera.) Namheshimu, lakini leo nimeuma meno hadi taya limechoka. Mume wangu? Kajificha nyuma ya simu. Eti mama ni mama, mvumilie. Asante sana!

Alhamisi, 7 Machi

Aibu gani hii. Kasuku, mtoto anayeongea hata usingizini, kakaa kwenye kiti kafumba mdomo. Nimebembeleza, nimeahidi, nimefoka. Kichwa tu — kushoto, kulia. Tulipotoka akaninong'oneza: Bibi kasema wanaozibwa ni wenye meno mabovu, kwa hiyo wenzake watamcheka. Nilitamani kulia palepale.

Daktari katupa Jumamosi. Kaonya pia: gego moja limeanza doa. Likishatoboka, kinga hii haitalisaidia tena.

Hasira hasara, najua. Lakini mezani nimemwambia mama mkwe, kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea: Jumamosi twende wote, mama, ukaone mwenyewe. Hata mume wangu kaweka simu chini. Kisha mama mkwe kasema, haya, nitakuja.

Jumamosi, 9 Machi

Kliniki. Naandika hapa kwenye kona ili nisimwangalie mtu usoni.

Kasuku kitini, mdomo kufuli. Mama mkwe kando yake, mkoba kaukumbatia. Daktari kwa utani wake: haya Bibi, mfundishe mjukuu, anza wewe. Mama mkwe akasita. Akaniangalia mimi. Akafungua mdomo.

Miaka yote hii nyumba moja, sijawahi kuona. Magego hakuna. Juu hakuna, chini hakuna. Ufizi mtupu. Na mimi niliyekuwa nanung'unika nikimkatia nyama!

Kasuku akainuka, akachungulia.

"Bibi, ya kwako yako wapi?"

Kauliza — mdomo wazi! Daktari akavuta taa haraka. Kachelewa, mtoto kafumba tena. Ananyoosha kidole kwa Bibi. Ajibu kwanza.

Mama mkwe kashika shavu, anatazama ukuta. Tunamsubiri.