Mawe ya Redio

Jumanne, 4 Machi

Nimechota maji, nimelisha kuku. Mama ameshinda kwenye kiti chake na redio: mahubiri, habari, tena mahubiri. Jioni, matangazo ya vifo. Hayo hakosi. Akisikia jina la mtu wa Mbooni anasema pole kwa sauti, utadhani wafiwa wako jikoni kwetu.

Kaka yangu Kioko hajapiga simu wiki hii. Mama amelalamika. Nimemwambia kazi ni nyingi huko Makindu.

Jumatano, 5 Machi

Kioko amekufa. Lori, barabara ya Mombasa, jana usiku.

Sikuambiwa na mtu. Nilifungua grupu ya familia kwenye simu kuangalia habari za harusi ya binamu, nikakuta picha yake imewekewa mshumaa. Chini yake poleni nyingi na mikono ya kuomba. Nilisoma zote. Nikarudi kuosha vyombo.

Mjomba Mutisya, kaka yake mama, alipiga baadaye kutoka Mwingi. Mama asiambiwe mpaka afike yeye na pasta, Ijumaa, kwa sababu ya presha. Nikauliza, na redio? Wakwe wa Kioko wameshapeleka tangazo. Akasema, "Hiyo redio fanya vile utafanya."

Nimetoa mawe ya redio, betri zake, nimeyaficha kwenye mkebe wa unga. Simu ya mama nimeizima. Nimemwambia mawe yameisha na network imepotea. Hakuuliza kitu.

Silii. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 6 Machi

Kimya. Mama amekaa palepale, ameitazama redio. Hakunituma Kikima kununua mawe mengine. Nilikuwa na uongo tayari, kwamba duka limefungwa. Haukuhitajika.

Baba alipokufa, habari ilikuja na mtu wa baiskeli kutoka posta. Siku hizi inakufikia hujanawa uso.

Ndinda, jirani, ameleta maziwa. Hajawahi kutuletea maziwa. Nilimfukuza kwa macho.

Mama amekula kidogo sana. Aliuliza kama Mwende, dada yetu wa Mombasa, amepiga. Kisha akauliza Kioko je. Nikasema network. Nina hasira na mjomba, na grupu, na ule mshumaa. Hata hiyo hasira naisikia kwa mbali.

Ijumaa, 7 Machi

Wamefika asubuhi. Pasta aliomba, akarefusha. Mjomba akaanza kuzunguka: mvua, safari, mapenzi ya Mungu. Mama akamkata.

"Mutisya, niambie tu ni nani. Ni Kioko ama ni Mwende?"

Mjomba akasema ni Kioko.

Mama akanigeukia. "Baba yenu alipokufa, nyanya yenu alitoa mawe kwa redio hivyo hivyo. Mlikuwa wadogo. Nimejua tangu juzi. Ila sikujua ni yupi."

Hakuanguka. Mimi ndiye niliyekaa sakafuni. Kumbe amekuwa akiwalilia wote wawili moyoni, na mimi niko hapo nikimwambia habari za network. Nimejichukia.

Jumamosi, 8 Machi

Mama ameniambia nirudishe mawe. Nimeyapangusa unga.

Jioni tumesikiliza pamoja. Tangazo lilikuwa linarudiwa. Jina la Kioko lilikuja katikati ya mengine, mtangazaji akalisoma vizuri. Mama akasema pole kwa sauti, kama siku zote. Akawaambia pole na wale waliofuata, mpaka wakaisha.

Nikaenda kusonga ugali.