Reli Walipocheza na Ndabibi

Wifi Rebeka,

Pokea salamu na vumbi la Nakuru. Leo Reli na Ndabibi waligombania nusu fainali. Ndabibi, wale wakamuaji wa ng'ombe, hupasiana vizuri kila wiki. Reli wetu wiki hii moto, wiki ijayo kila mtu na mpira wake. Tangu tumzike kaka yako hawana wa kuwaitia wakaitikia pamoja, kama alivyowaitia kazini wakiinua vyuma vya reli. Mwishoni nikasimama nikaita mimi: “Haya, pamoja!” Wakaitikia wote, “Twende!” Mpira ukapita miguu mitano, ukaingia.

Kapteni akanijia akicheka: “Mama, mpaka fainali ya Jumamosi usiongee na mtu. Tunza hiyo sauti.”

Ndiyo maana nakuandikia, sikupigii simu. Wakumbatie watoto wote kwa niaba yangu.

Wifi yako, Marita