Zile Fito Ulizokataa Kuzinyoosha

Kaka yangu Deus,

Shikamoo, popote ulipo. Simu yako haipatikani tangu ulipoondoka, kwa hiyo naandika barua ambayo yeyote anaweza kuisoma, huenda mmoja wa watakaoisoma anakufahamu.

Kiangazi kikianza ndipo ninapokukumbuka zaidi. Baba alikuwa ameshafariki, na wewe ndiye uliyetengeneza mishale ya kulinda mahindi yetu na nguruwe pori. Tulishuka bondeni asubuhi, wewe na muhoro wako, ule upanga uliopinda ncha, mimi na kamba za migomba. Ulinifundisha kutafuta visiki vilivyokatwa mwaka uliopita, kwa sababu machipukizi yake hukimbilia jua na kunyooka bila matawi. "Kata yenye unene wa kidole chako cha mwisho," ulisema, "na kila kisiki ukiachie mawili." Nyumbani tulizifunga fito zikakaza, tukazitundika juu ya mafiga zikauke kwa moshi. Kisha ulizipasha moja moja kwenye makaa na kuzinyoosha, jicho moja umelifumba, ulimi umeubana kwa meno. Nilikucheka sana kwa huo ulimi.

Mwaka ule wa mwisho alikuja jirani yetu, Bwana Byera. Alikaa kwenye kigoda, akanywa kahawa yetu, akasema anataka mishale hamsini yenye vyembe vya chuma.

"Hamsini?" ukamuuliza. "Shamba lako ni hilo moja. Hao nguruwe wametoka wapi?"

Akacheka bila kututazama. "Wewe tengeneza tu."

Tulijua ana ugomvi wa mpaka wa shamba na jirani yake Nestori. Babu yake Nestori alitoka Burundi, lakini yeye mwenyewe alizaliwa hapahapa Chonyonyo, akabatizwa kanisani kwetu. Hata hivyo Byera alimwita mtu wa kuja. Ukamwambia hutatengeneza. Alimwaga kahawa iliyobaki mlangoni petu, akaenda zake.

Wiki iliyofuata tulishuka bondeni tukakuta kila kisiki kimekatwa hadi chini, hakuna hata chipukizi moja lililoachwa. Utomvu ulikuwa bado unachuruzika. Uliugusa, ukanusa kidole. Ndege walikuwa kimya, nami nikahisi tunatazamwa.

"Rudi nyumbani," uliniambia. "Usikimbie. Tembea."

Wewe ukaenda moja kwa moja kwa Nestori. Mchana uleule alihamisha mke na watoto, wote wakaenda kwa shemeji yake huko Kimuli. Kesho yake tuliukuta mlango wake umechomwa mishale kumi na mmoja. Ilikuwa imepindapinda, kazi ya mtu asiyejua kazi, lakini ilikuwa imepenya ubao. Mwingine ulikuwa umepita dirishani, ukasimama kwenye godoro la watoto.

Hakuna aliyesema ameona kitu. Ila watu walianza kukusalimia wakitazama chini, na Jumapili moja tulipotoka ibadani tulikuta mshale umelazwa kizingitini petu. Uliondoka kabla ya chakula. Nilikufungia ndizi na maharage kwenye jani, uliyaacha mezani.

Sasa ni miaka mitatu. Nestori ameanza kurudi kupalilia migomba yake, na Jumatatu Byera alikuja tena kwetu, mzigo wa fito begani.

"Jovitha, kaka yako alikufundisha kunyoosha," alisema. "Safari ile zilipinda." Akaziegemeza ukutani kwa adabu. "Nitazifuata Ijumaa."

Kaka, sikuzigusa siku hiyo. Lakini Jumanne kulikuwa na mkutano wa kijiji. Nilizibeba kichwani, nikazitupa mbele ya mwenyekiti, nikalitaja jina lake na maneno yake yote. Byera alikuwa mstari wa pili. Hakukana. Alinitazama tu, polepole, kuanzia miguuni hadi kichwani. Mwenyekiti alisema suala litashughulikiwa. Watu wakatawanyika bila kuniaga, isipokuwa Nestori, aliyenishika mkono.

Jana asubuhi tulikuta migomba yetu mitano ya upande wa barabara imekatwa, yote kwa kimo cha kifua changu.

Leo ni Alhamisi. Mama amekaa jikoni, anataka nikuandikie urudi, kwamba nyumba hii inahitaji mwanamume. Nimekutamani hapa kila siku ya miaka hii mitatu, Deus. Lakini usije. Byera na watu wake watakuwa wanaiangalia barabara. Ukisikia lolote kutoka Chonyonyo, ujue tu kwamba nilisema kwa sauti, mchana, na wote walinisikia.

Mungu akulinde huko.

Mdogo wako wa kike,
Jovitha